Homa Haikisiwi, Hupimwa
Somo la afya kwa wanafunzi wetu walio vyuoni na kwa wazazi wao

Mwezi huu tumeona vema somo letu liwahusu hasa wanafunzi wa chuo.

Wanaotoka katikati yetu kwenda chuo si wengi, lakini wapo. Wengine wanalipiwa ada na wazazi waliouza mahindi na mbuzi. Wengine wamepata bursa ya DAFI, ambayo tangu mwaka 1992 inatolewa na serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR. Wachache wamevuka bahari hadi Kanada kwa mpango wa World University Service of Canada, unaopokea wanafunzi wakimbizi tangu mwaka 1978. Siku ya kuondoka kwao tunafanya maombi, tunawapa godoro, blanketi na ndoo. Tunawafundisha kutunza fedha na kuchagua marafiki. Lakini kuna jambo moja ambalo mara nyingi hatuwafundishi: jinsi ya kuugua wakiwa mbali na nyumbani.

Kijana mmoja wa kwaya

Kijana mmoja aliyekuwa akiimba katika kwaya yetu ametukubalia tusimulie habari zake bila kutaja jina. Alikuwa muhula wa pili chuoni, akilala chumba kimoja cha hosteli na wenzake watatu. Jumapili jioni mwili ulianza kumuuma ghafla, kichwa kikagonga, akatetemeka kwa baridi. Alipiga simu nyumbani. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, hiyo ni malaria. Nunua dawa unywe." Akanunua dawa dukani, akanywa bila kupimwa.

Wiki ile ilikuwa na mitihani. Aliogopa kwamba akikosa mtihani atapoteza alama, na akipoteza alama atapoteza bursa. Basi akajikaza, akaenda darasani Jumatatu, Jumanne na Jumatano huku akikohoa. Alhamisi wenzake wawili wa chumbani nao walikuwa wamelala kitandani. Yeye Ijumaa akajisikia nafuu kidogo. Jumamosi homa ikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na kifua kikaanza kubana. Rafiki zake walimpandisha bodaboda hadi hospitali. Akapimwa: malaria hakuna. Ilikuwa nimonia iliyofuata baada ya mafua makali. Alilazwa siku sita, na mitihani miwili aliyokuwa akiikimbilia akaikosa vilevile.

Leo ni mzima, tunashukuru. Mama yake alituambia, "Nilidhani ninamsaidia." Naye hakukosea kwa ubaya, kwa maana sisi sote tungesema hivyo hivyo. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Neno moja, magonjwa mengi

Tatizo la kwanza liko katika lugha yetu wenyewe. Sisi tuliotoka Kongo au Burundi tukisema "nina homa," tuna maana ya mwili kuwa moto, na mara nyingi fikira zetu huenda moja kwa moja kwenye malaria. Mtanzania naye akisema homa, ana maana ya joto la mwili. Lakini Wakenya wengi wakisema "nina homa" wana maana ya mafua: pua inatiririka na koo linawasha. Kwa hiyo kijana wetu aliye chuoni Nairobi anaweza kuwaambia wenzake kwamba ana homa, nao wakampa pole, wakaenda zao, wakidhani ni mafua tu, kumbe ana malaria kali.

Tena "mafua" nayo si kitu kimoja. Yako mafua ya kawaida, na yako mafua makali, ambayo wengi wetu tuliokulia Kivu tunayaita gripe. Hebu tuyatofautishe.

Mafua ya kawaida huja polepole. Pua, chafya, koo, labda kikohozi kidogo. Mtu anaweza kutembea na kufanya kazi.

Mafua makali huja ghafla. Asubuhi ulikuwa mzima, jioni umelala. Homa, baridi, kichwa, maumivu ya misuli na viungo, kikohozi kikavu, uchovu wa kukuangusha. Wengi hupona ndani ya wiki moja, ingawa kikohozi na uchovu vinaweza kuendelea wiki mbili au zaidi.

Malaria nayo huanza na homa, baridi, kichwa na maumivu ya mwili. Mara nyingi haina pua inayotiririka, lakini hilo lisikudanganye, kwa sababu mtu anaweza kuwa na mafua na malaria kwa wakati mmoja.

Sasa umeona ugumu. Hata daktari mwenye uzoefu hawezi kumtazama mgonjwa usoni akajua. Lakini kipimo cha haraka cha malaria kinahitaji tone moja tu la damu ya kidole, na jibu hutoka ndani ya nusu saa. Kosa linaweza kutokea kwa pande zote mbili. Ukinywa dawa ya malaria huku una mafua, umepoteza fedha na ugonjwa wako haujatazamwa. Ukisema "ni mafua tu" huku una malaria, unaweza kupoteza uhai ndani ya siku chache. Kwa hiyo sheria ya somo letu ni moja: homa haikisiwi, hupimwa.

Kwa nini chuoni?

Mafua makali husababishwa na virusi. Mtu anapokohoa, kupiga chafya au hata kuongea, matone madogo sana hutoka na kumfikia aliye karibu, mara nyingi ndani ya mita mbili. Pia virusi hukaa mikononi, kwenye vitasa vya milango na kwenye simu, kisha huingia mwilini tunapogusa macho, pua au mdomo. Kuanzia kuambukizwa hadi kuugua hupita siku moja hadi nne. Na jambo baya ni hili: mgonjwa huanza kuambukiza wengine siku moja kabla hajajisikia vibaya, na huendelea hadi siku tano au saba baada ya kuanza kuugua. Siku tatu za mwanzo wa ugonjwa ndizo mbaya zaidi kwa kuambukiza. Kumbuka kijana wetu alikwenda wapi katika siku hizo tatu.

Katika nchi zetu za karibu na ikweta, virusi hivi huzunguka mwaka mzima. Katika nchi za baridi za kaskazini kuna msimu wake, kuanzia kama Oktoba hadi Mei, na kilele mara nyingi ni kati ya Desemba na Februari. Popote pale, hosteli ni nyumba nzuri kwa virusi: vitanda vya ghorofa, madirisha yaliyofungwa, kikombe kimoja cha watu wanne.

Kisha kuna usingizi. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watu 164 wenye afya njema. Walipima usingizi wao kwa wiki nzima, kisha wakawatia puani virusi vya mafua ya kawaida. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 waliugua zaidi ya mara nne kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Ndugu mwanafunzi unayekesha na vitabu hadi saa tisa usiku, fikiri juu ya hesabu hiyo.

Wala usiseme, "Mimi ni kijana, mafua hayanitishi." Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka mafua makali ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani. Wengi wao ni wazee, watoto wadogo na wenye magonjwa mengine. Lakini mwaka 2009, mafua mapya ya H1N1 yalipoenea dunia nzima, yaliwapata sana vijana na watoto. Na hata kama wewe utapona haraka, utarudi likizo kumsalimu bibi, na utambeba mtoto wa dada yako.

Mambo sita ya kufanya kabla hujaugua

1. Nawa mikono kwa sabuni. Sugua kwa sekunde 20, yaani muda wa kuimba pambio fupi mara mbili. Nawa kabla ya kula, baada ya choo, na kila urudipo kutoka darasani au kwenye gari la abiria. Waliotoka Kivu ya Kaskazini na Ituri wanakumbuka ndoo za kunawia za miaka ya Ebola, 2018 hadi 2020. Na hapa makazini tuliziweka milangoni wakati wa UVIKO-19. Ndoo zile ziko wapi leo?

2. Fungua dirisha. Mvua na ubaridi peke yake havileti mafua. Kinachotuponza ni kujifungia pamoja. Hata usiku wa mvua, acha nafasi ndogo hewa ipite.

3. Kohoa ndani ya kiwiko, siyo kiganjani. Kiganja ndicho unachowapa wenzako katika salamu.

4. Kila mtu awe na kikombe, kijiko na taulo lake. Tunajua kwetu kula sinia moja ni upendo. Upendo huo uendelee, lakini anayekohoa apakuliwe sahani yake, wala asione amefukuzwa.

5. Lala saa 7 au zaidi. Soma mchana, gawa kazi zako mapema, usingoje wiki ya mtihani.

6. Kula chakula halisi. Wanafunzi wengi hubana fedha kwa kuishi juu ya maandazi na soda. Maharage, dagaa, sombe, lengalenga na ndizi si ghali kuliko soda mbili kwa siku, na mwili utakushukuru.

Chanjo ya mafua ipo pia. Hutolewa upya kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika, na huchukua kama wiki mbili kuanza kulinda mwili. Katika zahanati zetu haipatikani kwa urahisi, lakini ukiwa katika chuo kinachoitoa, usiiache.

Ukiugua

Kwanza, mwambie mtu. Mwambie mwenzako wa chumbani, kiongozi wa hosteli na familia. Usijifunike blanketi kimya kimya.

Pili, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo ya homa, au kesho yake asubuhi. Usinywe dawa ya malaria kabla ya kipimo.

Tatu, kama malaria haipo na una mafua, pumzika. Usiende darasani wala kwenye ibada ya wanafunzi mpaka homa iwe imeondoka kwa saa 24 nzima bila dawa ya kuishusha. Andika ujumbe kwa mwalimu wako siku ya kwanza, wala usingoje mtihani upite. Omba karatasi ya zahanati inayoonyesha kwamba ulikuwa mgonjwa, uitunze. Uliza mapema ofisi ya chuo utaratibu wao kwa mwanafunzi aliyeugua wakati wa mtihani, maana ukiwa na homa hutaweza kuanza kuuliza.

Nne, kunywa maji mengi, chai, uji mwepesi, supu. Asali na limau hutuliza koo, ingawa haviui virusi.

Tano, kwa homa na maumivu tumia parasetamoli. Mtu mzima hunywa vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidishe vidonge 8 katika saa 24. Angalia sana: dawa nyingi za mafua zinazouzwa dukani zina parasetamoli ndani yake. Ukinywa zote mbili unaweza kuzidisha bila kujua, na ini likaumia. Aliye chini ya miaka 19 asitumie aspirini wakati wa mafua.

Sita, usinunue antibiotiki. Dawa hizo huua bakteria, haziui virusi. Daktari akiona nimonia au ugonjwa mwingine wa bakteria, yeye ndiye atakayekuandikia. Dawa za kupambana na virusi vya mafua zipo, na hufaa zaidi zikianza ndani ya saa 48. Wenye pumu, selimundu, kisukari au VVU, na wajawazito, wasichelewe kumwona mganga hata kidogo.

Dalili za hatari

Mpeleke mgonjwa hospitali bila kungoja ukiona lolote kati ya haya:

- anapumua kwa shida au kifua kinamuuma
- amechanganyikiwa, haamki vizuri, au amepata degedege
- hakojoi, au anatapika kila anachokunywa
- hawezi kusimama kwa udhaifu
- homa au kikohozi kilipungua, kisha kikarudi kwa nguvu zaidi

Hii ya mwisho ndiyo iliyompata kijana wetu. Wengi huidharau kwa sababu siku ya nafuu imewadanganya. Tena kikohozi kilichofikisha wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hata kama kilianza kama mafua.

Kwa wanaokwenda nchi za baridi

Ninyi mnaokwenda Kanada au kwingineko kaskazini, mtafika mara nyingi mwezi wa Agosti, na kabla hamjazoea koti, msimu wa mafua utakuwa umeanza. Ulizeni chanjo mwezi wa Septemba au Oktoba. Katika mikoa mingi ya Kanada hutolewa bure, na mara nyingi hutolewa katika maduka ya dawa. Chanjo hiyo haikupi mafua. Mkono utauma siku moja au mbili, labda na homa ndogo, basi.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Hapa kwetu kila homa inaitwa malaria. Kule ni kinyume: kila homa ya kijana wakati wa baridi inaweza kudhaniwa kuwa mafua, kwa sababu madaktari wengi wa huko huona malaria mara chache sana. Nayo malaria uliyoibeba mwilini inaweza kutokea wiki kadhaa, hata miezi, baada ya kuondoka. Kwa hiyo, kila upatapo homa katika mwaka wako wa kwanza, sema wewe mwenyewe, usingoje kuulizwa. Jifunze kulisema kwa lugha ya huko neno hili: "Nimetoka katika nchi yenye malaria, naomba nipimwe leo." Ukizidiwa, namba ya dharura ya Kanada na Marekani ni 911, na si aibu kuipiga.

Neno kwa wazazi

Wazazi wapendwa, simu yenu ina nguvu kuliko mnavyofikiri. Mtoto akipiga akisema anaumwa, msianze kumtajia dawa. Mwulizeni maswali matatu: Umepimwa? Nani yuko pamoja nawe? Umekula nini leo?

Kisha kuna neno la nne, gumu kidogo. Vijana wetu wanajua ni akina nani wamekaa nyumbani wakingoja wamalize masomo. Wanajua mbuzi waliouzwa. Kwa hiyo wanaficha ugonjwa wasituvunje moyo. Mwambieni mtoto wazi, kabla hajaugua: "Mtihani unaweza kurudiwa. Wewe huwezi kurudiwa." Akilisikia kutoka kwenu, atathubutu kulala siku mbili na kupona.

Tumkumbuke pia nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikuwa mtu aliyekimbia nchi yake ili aokoe maisha, kama sisi. Chini ya mti jangwani alichoka hata akatamani kufa. Hakukemewa kwa udhaifu wake. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji, akalala tena, akala tena. Ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu. Usingizi na chakula vilikuja kwanza, safari ikafuata.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Katika nyumba yetu, tukisema "homa" tuna maana gani? Mtoto wetu aliye chuoni anaelewa hivyo hivyo?
2. Mara ya mwisho mtu wa nyumba hii alipopata homa, alipimwa au tulikisia?
3. Mtoto wetu akiugua usiku chuoni, nani wa karibu anaweza kumfikia? Tunayo namba yake ya simu?
4. Je, kuna jambo tulilomwambia mtoto wetu linaloweza kumfanya aogope kutuambia kwamba anaumwa?
5. Ndoo yetu ya kunawia mikono ina maji na sabuni leo?

Mkimaliza kulisoma somo hili, mpeni jirani mwenye mtoto chuoni. Na kama mtoto wenu yuko mbali, mpigieni jioni hii, hata kama ni mzima.